Jua la Dukani kwa Bwana Soud

Ilikuwa Ramadhani, zile siku ambazo wanawake wa Chake Chake huanza kununua nguo za sikukuu. Nyange alikuwa nyuma ya kaunta ya Bwana Soud akikunjua kanga na kuzikunja tena, maana kila mteja alitaka doti iliyo chini kabisa ya rundo. Ikaadhiniwa Magharibi. Mtaa ukaingia giza, wateja wakaenda kufuturu, wakarudi. Ndani ya duka jua halikuzama. Lilibaki kwenye dirisha la nyuma, likimulika rafu za chini.

"Afadhali," alisema Bi Moza, mteja wa miaka mingi. "Taa hunionyesha buluu, nikifika nyumbani nyeusi."

Nyange alipomaliza kuuza akatoka. Mguu wake wa pili ulipovuka kizingiti, jua likatua.

Ikawa hivyo kila siku. Bwana Soud akaacha kununua mafuta ya taa. Saa ya ukutani, ambayo kama saa zote za mji ilirekebishwa kila jua linapozama ionyeshe kumi na mbili kamili, ilisimama kwenye kumi na mbili kasorobo mpaka Nyange avae kofia yake.

Vuai, mpagazi wa duka, alilipwa ovataimu kwa kila robota alilobeba baada ya Magharibi. Nyange akaulizia yake.

"Ovataimu ni ya Vuai, yakhe," Bwana Soud alimjibu kwa upole. "Yeye ana mshahara mtupu. Wewe una kamisheni. Kila doti inayotoka, na wewe umo."

"Lakini nachelewa, Bwana."

"Umechelewa nini? Itazame saa."

Alikuja ofisa wa kazi kutoka Unguja. Aliona joto mle ndani, akavua koti. Alisema sheria inazungumzia saa za baada ya jua kuzama, na hapa halijazama. Hata lingezama, mwenye kamisheni hahesabiwi. Kisha akachagua doti mbili za mkewe, akamwambia Nyange, "Umeona? Hapa hapa umeshapata chako."

Nyange akaenda kwa Shehe wa msikiti kuuliza habari ya futari.

"Ukiwa dukani, jua unaliona?"

"Naliona."

"Basi mbona waniuliza? Toka nje, ufuturu."

Kutoka kulikuwa hatua moja. Lakini akitoka, jua lingetua, rangi zingepotea, wateja wangesema watarudi kesho, na kamisheni yake ingeondoka nao. Akabaki ndani na kiu yake.

Nyumbani Madungu, mama yake, Bi Mgeni, hakufuturu bila yeye. Alikuwa mzee, na siku hizi mikono ilimtetemeka kabla ya kufikia kikombe.

"Kula, mama, usinisubiri," Nyange alimwambia.

"Nile peke yangu, nimefiwa?"

Jioni moja Bi Mgeni alishindwa kungoja. Akachukua sahani ya muhogo wa nazi na birika la maji, akaenda mpaka dukani, akakaa barazani, kwenye giza.

"Toka, baba, unywe maji."

Nyange alikuwa na wanawake watatu mbele yake na kanga zimetanda kaunta nzima. Akapeleka mguu mmoja nje. Mwanga dukani ukapungua nusu.

"We Nyange!" Bi Moza alipiga kelele. "Sijachagua mie!"

"Urudishe mguu, mwanangu," alisema Bwana Soud. "Watu wako kazini."

Akaurudisha. Mwanga ukarudi.

Bi Mgeni akamtazama mwanawe kwenye lile jua, midomo imemkauka. Akafunika sahani yake kwa kawa, akajikongoja, akavuka kizingiti. Humo ndani ilikuwa mchana, naye alikuwa bado hajaonja kitu. Akakaa juu ya robota, sahani mapajani, akaendelea kufunga pamoja naye.

Bwana Soud akamwona amekaa bure.

"Bi Mgeni, hebu tushikie ncha hiyo, wateja waone maua yote."

Bi Mgeni akaweka sahani chini, akashika ncha. Kanga ikatetemeka kidogo. Bi Moza akasema ni nzuri, ila aonyeshwe na ile ya chini.