Mtu wa Tano kwenye Hoja ya Visima

Orrin Satterlee alikuwa mnadi wa ng'ombe mstaafu, ila ulimi wake haukuwahi kustaafu. Alidai aliwahi kumnadi fahali kwa kasi hata fahali mwenyewe akajipandishia bei. Kisima chake kilipokauka kiangazi kile, aliwaambia watu wa Tamarack Flat kwamba chura wa mwisho alitoka humo na virago vyake kichwani, akaomba lifti mpaka baharini. Watu wakacheka. Orrin naye akacheka, kisha akaenda na madumu yake kuchota maji kwa shemeji yake Lavern, kaka wa marehemu mkewe.

Kwa hiyo alishangaa sana alipoitwa kuwa mtu wa tano.

Huko Oregon, hoja yoyote inayopigiwa kura na jimbo zima huandikiwa maelezo yanayochapishwa kwenye kitabu kinachofika kwa posta katika kila nyumba. Wanaoyaandika ni watano: wawili wanaoitaka hoja, wawili wasioitaka, na mmoja anayechaguliwa na hao wanne. Maneno yasizidi mia tano, na yasiegemee upande.

"Kwa nini mimi?" Orrin aliuliza.

"Kwa sababu umewatania watu wa pande zote bila ubaguzi," alijibu Corliss Amundsen, mama wa nywele fupi aliyeitetea sheria.

Sheria yenyewe ilitaka kila kisima kikubwa cha kumwagilia mashamba kifungiwe mita, na anayevuta maji kupita kiasi azuiwe. Bunge la jimbo lilikuwa limeipitisha. Wenye mashamba makubwa wakakusanya saini ili wananchi wenyewe waamue. Orrin aliitaka ile sheria kuliko alivyotaka chakula cha jioni. Pampu za mashamba ya majani ya ng'ombe kule juu ndizo zilizomnyonyea kisima. Mambo yakibaki hivyo, angeiuza nyumba aliyoishi na mkewe Nadine, ahamie chumba cha wageni cha binti yao huko Spokane, chenye zulia jeupe na paka mwenye dharau.

Sasa, hoja iliuliza hivi: sheria ibaki? Ukisema ndiyo, inabaki. Ukisema hapana, inafutwa. Lakini watu wengi walioweka saini ili ifutwe waliamini kwamba "ndiyo" ni kukubali walichotia saini. Garth Pickering, kiongozi wa wapinzani, alijaza mji mabango ya HAPANA. Huko mashambani watu walijiandikia yao. Kwenye lango la Lavern lilisimama bango kubwa kama mlango wa ghala: NDIYO! VISIMA VYETU VIACHWE!

Orrin alilipita kila siku na madumu yake, akanyamaza.

Siku ya kikao Corliss alileta rasimu. Ilianza na historia ya maji tangu dunia ilipopoa. Maana ya ndiyo na hapana ilikuwa mstari wa mwisho kabisa. Garth akataka maana hiyo itangulie. Wawili huku, wawili kule. Wote wakamgeukia Orrin. Akaomba kahawa kwanza. Corliss akamfuata kwenye birika.

"Orrin, hakuna uongo humo. Kila kitu kimo."

"Kimo, mama, lakini kimefukiwa."

"Wakikosea kusoma, ni juu yao. Wewe fikiria kisima chako."

Orrin alikitazama kikombe. Mnadani, alifikiri, kilema cha ng'ombe hutajwa kabla ya bei. Ukikitaja nyundo ikishagonga, hujataja kitu. Alikuwa ametaja vilema vya ng'ombe maisha yake yote, hata vya ng'ombe wake mwenyewe.

"Nipeni mpaka kesho," akasema.

Jioni hiyo ukumbi wa wakulima ulikuwa na karamu, kila mtu kaja na chungu chake cha chakula. Orrin akagonga meza kwa mwiko.

"Haya, nasoma! Asiyetaka mita ainue kijiko, aniambie atapiga kura gani."

Akasoma rasimu ya Corliss. Lavern aliinua kijiko kilichojaa maharage.

"Ndiyo! Hilo nalo la kuuliza, we mzee?"

Vijiko vingi vikamuunga mkono. Orrin angeweza kukaa chini, ale pai yake. Badala yake akatoa karatasi ya pili, aliyoiandika mwenyewe. "'Kura ya ndiyo inaibakiza sheria ya mita. Kura ya hapana inaifuta.' Halafu ndipo yanafuata hayo mengine."

Lavern akaacha kutafuna. "Subiri. Kwa hiyo bango langu..."

"Linanipigia kampeni mimi, shemeji. Tena bure."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Lavern hakucheka. "Umelijua tangu lini?"

"Tangu ulipolisimamisha."

"Na maji yangu ukawa unachota!"

"Nilichota," Orrin alisema. "Ndiyo maana nimekuja kukusomea."

Kesho yake sentensi zake mbili zilikaa juu kabisa ya maelezo, kwa kura tatu dhidi ya mbili. Corliss alikusanya karatasi zake kwa hasira.

"Umejikausha mwenyewe, mzee."

"Labda. Lakini bado sijanyamaza, mama. Niletee majina ya watu wa bonde lote. Naanza kubisha hodi leo, kuomba kura za ndiyo."

Alipofika kwa Lavern, shemeji yake alikuwa juu ya ngazi akipigilia bango jipya la HAPANA. La zamani lilikuwa limelala majanini.

"Shika ngazi, msaliti wee!" Lavern akafoka. Orrin akaishika. "Na usidhani nitabadili mawazo."

"Ukibadili nitakosa wa kubishana naye. Hili la chini unalitupa?"

"La nini tena?"

"Sehemu ya juu ingali nzuri. Nitayafuta kwa rangi hayo maneno ya chini tu."

Lavern akateremka, akafungua bomba, akaanza kuyajaza madumu ya Orrin. Orrin akalipakia lile bango la NDIYO garini, akauliza kama rangi imebaki.