Picha Mbovu ya Ntate Phaswane

Gari la deraya likisimama linafanana na friji. Ndivyo alivyoniambia Ntate Legodi, Ntate ikiwa ni baba kwa lugha yetu, siku aliponiajiri kwenye studio yake ya picha, hapo Cullinan, nikiwa nimetoka chuo juzi tu na ndoto zangu zote.

"Nani atanunua friji lenye magurudumu, Mahlatse? Lazima likimbie. Mtu akiangalia picha, asikie vumbi kooni."

Kulikimbiza gari ndani ya picha ni kazi ya kiuno kuliko ya macho. Unaipanga kamera ifumbe jicho lake polepole, unalidaka gari linapotokea kwenye kona, kisha unageuka pamoja nalo huku kidole kimebonyeza na kamera inapiga mfululizo. Ukigeuka nalo sawasawa, gari linatoka safi hadi nati zake unaziona, na vyote vilivyo nyuma yake, nyasi, nguzo na watu, vinakuwa mistari. Mkono ukikwama, mambo yanageuka. Nyasi zinatoka safi, gari linakuwa ukungu wa kijani. Hizo tuliziita picha mbovu, na tulizifuta palepale uwanjani, kabla gari halijazunguka kurudi.

Tukirudi studioni nilisafisha zile nzuri kwenye kompyuta. Nilizidisha wekundu wa vumbi, nikatia giza kidogo angani, nikafuta koni za barabarani, nikafuta hata ile mistari iliyokuwa watu. Mteja wetu mkubwa, kampuni inayounda magari hayo, hakutaka mnunuzi aone koni wala mshika bendera. Vita havina mshika bendera.

Mshika bendera wao alikuwa Ntate Lesiba Phaswane. Alisimama kwenye kona ya uwanja wa majaribio, karibu na nguzo yake, akiwa na bendera mbili. Ya kijani ikiwa juu, dereva anakuja. Nyekundu ikiwa juu, hakuna gari linalosogea hata kidogo, hata awe nani aliyeagiza.

"Wewe mtoto," aliniambia siku moja tukinywa chai, "kalenda ya kampuni ya mwaka jana nimejitafuta hadi mke wangu akanicheka. Hata kofia hukuniachia?"

"Ulikuwa mstari, Ntate."

"Mstari! Na kitambi chote hiki?" Akakipiga kofi kitambi chake, madereva wakacheka hadi mmoja akamwaga chai.

Alikufa mwezi wa nane, wakati nyasi zimekauka na ardhi inaruka kwa upepo mdogo tu. Bwana Retief, mkuu wa mauzo wa kampuni, alitaka magari mawili yafukuzane, la pili lichomoze ndani ya vumbi la lile la kwanza. Jua lilikuwa linainama, naye alikuwa anahangaika na simu ya upepo mkononi, akiwaambia madereva kwamba mwanga unatukimbia. Nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili wa barabara, jicho langu ndani ya kamera. Gari la kwanza likaja, nikageuka nalo hadi likanipita. Halafu vumbi likatufunika wote, nikafumba macho na kuziba pua kwa kola. Nilisikia injini ya pili, kisha mlio ambao haukuwa wa injini. Vumbi lilipotulia, Malose, dereva wa gari la pili, alikuwa ameketi chini ameshika kichwa, na Ntate Phaswane alikuwa chini ya nguzo yake, amelala vibaya.

Hakuna aliyepitia picha siku hiyo.

Kabla wiki haijafika katikati, taarifa ya kampuni ilikuwa imebandikwa getini. Ilisema marehemu aliteremsha bendera, akaacha mahali pake, akavuka barabara kwa hiari yake. Chini walisema wanasikitika. Kisha uvumi ukaanza kutembea peke yake, kwamba kulikuwa na chupa. Ntate Phaswane alikuwa mtu wa kanisa, alivaa nyota ya kanisa lake kifuani hadi kazini, na sijui kama aliwahi hata kunusa pombe. Lakini uvumi hauulizi mtu anasali wapi.

Mkewe, Mma Raesibe, alikuja studioni akiwa na shali jeusi mabegani. Alisimama mlangoni mpaka Ntate Legodi alipomvutia kiti.

"Nimekuja kwa huyu mtoto," alisema, akanionyesha kwa kidevu. "Jumamosi tunazika. Ratiba ya mazishi inataka picha ya mbele, na mimi nina ile ya kitambulisho tu, ambayo amekodoa macho kama mwizi aliyekamatwa. Watu wataenda na ratiba ile nyumbani, wataiweka kabatini. Siwezi kumpeleka kaburini hivyo. Nyie mlikuwa mnapiga picha kule kila mara. Hamna hata moja?"

Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba tulikuwa na mamia na katika zote mimi nilikuwa nimemfuta. Sikuweza. Nilisema, "Ngoja niangalie, Mma," nikaiingiza kadi ya siku ile kwenye kompyuta, kwa sababu ndiyo pekee ambayo hatukuisafisha.

Picha za gari la kwanza zilikuwa nzuri sana. Naona aibu kusema, lakini zilikuwa nzuri. Baada ya hizo kulikuwa na nyingine chache, za pale gari lilipokwisha kunipita na mkono wangu ukasimama huku kidole bado kimebonyeza. Picha mbovu. Nikafungua moja.

Nyasi zilikuwa safi, kila jani. Nguzo ilikuwa safi. Na pembeni ya nguzo, miguu imepanuliwa kidogo, kofia kichwani, nyota kifuani, alisimama Ntate Phaswane. Bendera ya kijani ilikuwa chini, imekunjwa kwapani. Nyekundu ilikuwa juu, mkono umenyooka hadi mwisho. Upande wa kushoto wa picha, ukungu wa kijani wenye taa mbili ulikuwa unatoka ndani ya vumbi.

Mma Raesibe aliinuka kwenye kiti akaja hadi uso wake ukakaribia kugusa kioo.

"Lesiba," alisema. Kisha akasema, "Ona alivyosimama. Shati nilimpigia pasi mimi."

Ntate Legodi alikuwa amesogea nyuma yetu.

"Hii inafaa," Mma Raesibe alisema, akijifuta kwa ncha ya shali. "Ila nitolee hilo dude. Hilo la kushoto. Mnajua kutoa vitu, si ndiyo kazi yenu? Sitaki gari hilo liingie kwenye mazishi yangu."

Ilikuwa kazi ndogo. Ningechota nyasi za kulia, ningezimwaga kushoto, na gari lisingekuwepo kamwe. Nilishika kipanya. Mkono haukusogea.

"Nitalitoa ukiniambia, Mma," nilisema. "Lakini kwanza tazama mkono wake. Wao wanasema aliteremsha bendera. Na hilo la kushoto ndilo gari la pili, linakuja. Nikilitoa, itabaki picha ya mzee ameinua kitambaa. Likibaki, kila mtu ataona kwamba alikuwa mahali pake na bendera ilikuwa juu."

Ntate Legodi ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Mahlatse, mwanangu, unajua kampuni ile ndiyo inayotulipia pango hapa."

"Najua, Ntate."

"Na unajua mkataba. Picha zilizochaguliwa ni mali yao." Alisogeza miwani yake, akaitazama tena picha ile kwa muda. "Hii hatukuichagua. Hii ni mbovu." Akatoka kwenda kuchemsha maji ya chai, na birika halikuwa na haja ya kuchemshwa, lilikuwa bado linatoa mvuke.

Mma Raesibe alikuwa bado ameinama mbele ya kioo. "Jana walikuja," alisema bila kugeuka. "Yule Retief wao. Walileta unga na ng'ombe wa kuchinja, na jeneza wamesema watanunua wao. Akaniomba apewe nafasi azungumze kwa niaba ya mwajiri. Nikakubali, mimi. Nikamshukuru." Aligusa kioo, pale penye mkono ulioinuliwa, akaacha alama ya kidole. "Liache hapo. Lisiondolewe. Nichapie hivyo hivyo."

Asubuhi ya Jumamosi hema lilijaa kabla jua halijapata nguvu. Vijana wa kanisa waligawa ratiba mlangoni. Karatasi ilikuwa ya kung'aa, picha ukurasa wa mbele, jina lake chini yake. Nilikuwa nimepeleka nakala nyingine, isiyoguswa, kwa mkaguzi wa ajali za kazini, naye alinipa risiti tu na kusema nitaitwa. Sikujua kama nitaitwa. Nilikaa katikati ya watu na kutazama jinsi walivyoipokea. Walianza kwa kutafuta wimbo wa kwanza, kisha wakarudi mbele, kisha wakainamiana na kunong'onezana. Malose alisimama nje ya hema, nyuma ya masufuria. Mtu alimpelekea ratiba. Aliiangalia, akaikunja, akaketi chini kwenye udongo na suti yake.

Bwana Retief alichelewa, akaongozwa hadi safu ya mbele, shada la maua likatangulia. Alipewa ratiba, akaiweka gotini kifudifudi bila kuitazama, kwa sababu alikuwa na karatasi yake mwenyewe. Nafasi ya mwajiri ilipofika alisimama, akashika kipaza sauti, akatoa pole kwa heshima. Alisema marehemu alikuwa mcheshi. Alisema kampuni ilikuwa kama familia. Kisha akafika kwenye yale ya getini.

"Kwa bahati mbaya," alisoma, "mwenzetu aliteremsha bendera na—"

Hema zima likapiga kelele ya karatasi. Ni ratiba tu, mamia, zinageuzwa upande wa picha.

Aliinua kichwa. Aliwaona watu wamezishika vifuani, picha zikimtazama yeye. Akaokota ya kwake kitini, akaigeuza. Nadhani alisahau kuwa kipaza sauti bado kiko mkononi, maana aliuliza kwa sauti ya chini, na wote tukasikia hadi kwenye masufuria:

"Nani amepiga hii?"

Nilinyanyuka. "Mimi," nilisema.

Alifungua mdomo kuniambia jambo. Mma Raesibe, aliyekuwa ameketi kwenye godoro la mfiwa karibu na jeneza, alimwahi.

"Endelea kusoma, Bwana Retief," alisema. "Tunakusikiliza."