Kibonge wa Kwenye Pakiti

Waonjaji walikaa kwenye meza ndefu ya chumba cha mikutano, kila mmoja na kikombe chake cha uji, glasi ya maji na kopo la kutemea. Utaratibu wa kiwanda ulikuwa huo: unachota kijiko, unazungusha uji mdomoni, unatema, unasukutua, kisha unatoa maoni. Kumeza kulikatazwa, kwa sababu anayemeza hushiba, na aliyeshiba hapimi ladha sawasawa. Ndivyo chakula cha watoto cha kiwanda kile kilivyopitishwa na watu wazima ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukimeza.

"Unanuka zizi," alisema Mkurugenzi, akatema.

"Maharage mabichi," alisema Mkuu wa Mauzo, akatema naye, kwa adabu, baada ya bosi wake.

Mwishoni mwa meza alikaa mwanamke aliyeupika uji huo. Kiwandani walimwita Mtaalamu, na alikuwa mtaalamu kweli. Kiwanda kilikamua mafuta ya soya, na yale makapi yanayobaki baada ya kukamua, yaani mashudu, yaliuzwa miaka yote kwa wafuga nguruwe, ambao hawakuwahi kulalamika, wala nguruwe wenyewe. Ni yeye aliyewaonyesha wakubwa kwamba mashudu yana protini kuliko nyama, na kwamba yakisafishwa, yakapashwa moto wa kiasi na kurudishiwa mafuta kidogo, yanatoa unga wa kumkuza mtoto. Unga wake wa kwanza ulikuwa mzuri. Vifaranga aliowalisha kwenye banda nyuma ya maabara walinenepa hadi wakawa wanatembea kama watu wenye mashamba.

Lakini soya haitaki mzaha. Moto kidogo huondoa sumu iliyomo. Moto mwingi huondoa chakula chenyewe. Mtaalamu alilieleza hilo pale mezani bila kutafuna maneno.

"Nikiongeza moto harufu itaisha," alisema, "lakini protini itaungua. Litabaki jina tu."

"Na maabara itasemaje?" aliuliza Mkurugenzi.

"Itasoma asilimia ileile. Kipimo chetu kinaangalia kama protini ipo. Hakijui kama mwili utaweza kuitumia."

"Si ipo? Basi ongeza moto."

Mtaalamu akaongeza moto. Hakuna aliyemshikia panga shingoni. Alikuwa amepewa ofisi yenye dirisha mwezi huohuo, na dirisha lile lilikuwa na upepo mzuri sana.

Unga mpya ulitoka na rangi ya hudhurungi na harufu ya karanga za kukaanga. Waonjaji waliusifu na kuutema. Vifaranga waliolishwa unga huo walibaki vilevile kama walivyotoka kwenye yai, wakawa wanasimama kutwa wakiitazama maabara. Mkurugenzi alipopita akaagiza waondolewe. Alisema wanapiga kelele, ingawa kifaranga wa namna ile hana hata nguvu ya kulia.

Ikabaki picha ya pakiti. Mtaalamu ndiye aliyemtaja mtoto wa mdogo wake. Mdogo wake huyo alikuwa fundi cherehani, na alikuwa na mtoto wa kiume anayenyonya, mwenye mashavu ya kufinyika na mikunjo mapajani, ambaye mtaa mzima ulimwita Kibonge. Mpiga picha alimkalisha juu ya kitambaa cheupe, mtoto akacheka, kazi ikaisha. Kwa malipo, Mkuu wa Mauzo aliahidi familia unga wa bure mpaka Kibonge aote ndevu. Mama yake alifurahi hadi akamshonea Mtaalamu gauni.

Miezi michache baadaye Kibonge aliachishwa ziwa, akaanzishiwa unga wa mama yake mkubwa, asubuhi na jioni. Hapo ndipo yule wa kwenye pakiti alipoanza kunenepa.

Waliogundua kwanza ni wanawake wa kufungasha. Waliona mtoto ameongeza kidevu cha pili. Wiki iliyofuata goti lake lilikuwa limeshafunika neno "lishe", na wiki nyingine kiwiko kikaegemea tarehe ya kuisha muda. Walilitaja jambo hilo wakati wa chai, kama watu wanavyotaja kwamba jirani amejifungua, wakarudi kazini. Tatizo lao lilikuwa mizani. Mtoto alikuwa na uzito wake, na pakiti za nusu kilo zikawa zinapita nusu kilo. Msimamizi, mtu mwaminifu sana kwa mali ya kampuni, aliamuru wapunguze unga hadi mizani ikae sawa. Kwa hiyo kadiri mtoto wa pakiti alivyonenepa, ndivyo unga ulivyopungua ndani, na wateja waliishika pakiti dukani, wakaona jinsi ilivyojaa, wakanunua mbili. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hawakusema lolote kuhusu kibaya chenye picha nzuri.

Nyumbani kwa fundi cherehani mambo yalikwenda upande wa pili. Kibonge aliacha kutambaa. Nywele zake zikawa nyepesi, za rangi ya kutu, na ukimfinya shavu unashika ngozi tu. Alikaa pale alipowekwa, chini ya meza ya cherehani, akitazama vipande vya kitambaa vikianguka bila kuvigusa. Mama yake aliona, maana mama haoneshwi mwanawe. Ila alikuwa na dada msomi aliyetengeneza unga kwa mikono yake, na mtu mwenye dada wa namna hiyo hujisikia vibaya kuuliza.

Alimpeleka kliniki. Muuguzi alimning'iniza Kibonge kwenye mizani, mshale ukatikisika kidogo, ukasimama karibu na pale ulipoanzia. Muuguzi akagonga kioo cha mizani kwa ukucha. Kisha akaiona pakiti ikichungulia kwenye mkoba wa mama.

"Si ndiye huyu huyu?"

"Ndiye, sista. Walimpiga picha."

"Sasa kwa nini tunahangaika? Hebu nipe."

Akaiweka pakiti kwenye mizani; ilikuwa imetoka kiwandani na nusu kilo yake, lakini mtoto wa juu yake hakuwa ameacha kunenepa. Mshale ukapanda, ukasimama panapotakiwa. Muuguzi akaandika uzito kwenye kadi ya Kibonge, kwenye sehemu ya kijani, akampongeza mama kwa malezi na kuwaonyesha pakiti ile wanawake waliokuwa kwenye foleni. Mmoja wao alifuta machozi. Mtoto wake mwenyewe alikuwa kwenye sehemu nyekundu, akajiona mzembe, akapitia dukani kununua.

Mtaalamu alikuja siku ya mapumziko na trei ya mayai na maziwa. Alimbeba Kibonge, akamshusha haraka, kama mtu aliyenyanyua ndoo akidhani ina maji. Alijua. Tuseme wazi, asije mtu akamtetea: alijua kuliko mtu yeyote chini ya jua, alikuwa ameshayaona kwa vifaranga.

"Mpe mayai haya," alisema. "Kila siku moja. Na maziwa."

"Dada nawe! Mayai atakula baba yake, ndiye anayebeba mizigo. Mwanao ana chakula chake cha kitaalamu." Mdogo wake alicheka, lakini macho yalikuwa yanamtafuta Mtaalamu usoni. "Au unaonaje?"

Ilihitajika sentensi moja tu. Mtaalamu aliifikiria, akaifikiria pia ofisi yenye dirisha, akasema chai imekolea vizuri. Alipoondoka mayai yalikaangwa kwa vitunguu, baba akala, akashukuru.

Siku zile usingizi ulimpaa Mtaalamu. Hatimaye alijikaza akaomba nafasi kwenye kikao cha wakubwa. Kikao chenyewe kiliitishwa kwa sababu ya pakiti, ambayo haikumtosha tena mtoto. Mguu mmoja ulikuwa umetokeza nje ya karatasi, na madukani ulikuwa ukinaswa kwenye rafu.

"Tupunguze moto," alisema Mtaalamu. "Turudi kwenye unga wa kwanza. Huu hauwakuzi watoto."

"Na harufu?" aliuliza Mkurugenzi.

"Watoto hawajali harufu."

"Watoto hawanunui."

Wakubwa wakacheka kwa kiasi kinachofaa ofisini. Mkurugenzi akanyanyua pakiti iliyokuwa katikati ya meza, kwa mikono miwili maana ilikuwa nzito, akaielekeza kwa Mtaalamu. "Huyu hajakua?"

Hapo mtoto wa kwenye pakiti akawaamkia. Alikuwa amelelewa vizuri, hata kwenye karatasi.

"Shikamooni."

"Marahaba," waliitikia wakubwa.

"Nimeshiba," alisema mtoto. Alihema kidogo, kwa sababu ya unene. "Siwezi tena. Yule mwenzangu ndiye anayekula, lakini kinakuja kwangu. Naomba mpeni na yeye kidogo."

Wakubwa wakatazamana kama watu wanaofikiri, si kama watu walioguswa. Kisha Mkuu wa Mauzo akapiga meza.

"Nimeshiba! Mmelisikia? Neno moja, na limesemwa na mtoto mwenyewe. Sisi tungelipa watu watutungie wiki nzima, wasingelifikia hilo."

Wakakubaliana papo hapo. Pakiti itakuwa kubwa zaidi, na juu ya kichwa cha mtoto patachapishwa kwa herufi nene: NIMESHIBA. Bei itapanda kidogo kwa ajili ya karatasi.

"Na yale mengine aliyosema?" aliuliza Mtaalamu.

"Nafasi iko wapi?" alisema Mkuu wa Mauzo, bila ubaya wowote. "Si unaona mtoto alivyojaa?"

Mtoto alimtazama Mtaalamu. "Mama mkubwa," alimwita. Mtaalamu akajifanya anatafuta kalamu. Pakiti mpya haikuweza kuchapwa bila saini ya mtu wa lishe, na mtu wa lishe alikuwa yeye. Funika kombe mwanaharamu apite, alijisemea moyoni, ingawa aliyekuwa akipita pale hakuwa mwanaharamu, alikuwa mtoto wa ndugu yake wa tumbo moja. Akasaini. Mkurugenzi akamwambia ana moyo wa timu.

Pakiti kubwa zilitoka kabla ya mwisho wa mwezi na zikaisha madukani. Kampuni ilituma za bure nyumbani kwa fundi cherehani kama ilivyoahidi, maana katika ahadi ilikuwa haina mpinzani, na Mtaalamu akajitolea kuzipeleka mwenyewe. Alijiambia kwamba safari hii atasema. Njiani aliyapanga maneno, na yalipangika vizuri.

Alimkuta mdogo wake jikoni, sufuria iko motoni tayari, maji yanachemka. Kibonge alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kitenge. Kwa umri wake alipaswa kuwa anakimbia uani na kuvunja vikombe. Kichwa kilikuwa kimelala upande mmoja na macho yalikuwa wazi.

Mdogo wake hakufungua pakiti. Aliishika, akasoma lile neno, akamtazama yule mtoto mnene ambaye alimzaa mwenyewe, kisha akaiweka mezani na kumgeukia dada yake. Mkono mmoja ulikuwa nyuma, ukipapasa mguu wa Kibonge.

"Dada. Mimi sijasoma kama wewe. Mtu anaponiambia mwanangu amenenepa nasema asante. Lakini nikimbeba mgongoni naweza kushona kutwa nzima nikasahau kama yupo. Niambie ukweli, wewe ni dada yangu. Unga huu unamfaa?"

Maji yalikuwa yanatokota. Mtaalamu aliyatafuta yale maneno aliyoyapanga njiani. Yalikuwepo yote, hakuna lililopotea. Lakini kila moja lilianza na jina lake yeye, na hilo ndilo lililomshinda kulitoa.

"Unakoroga na vijiko vingapi?" aliuliza.

"Vinne. Kama mlivyoandika."

Mtaalamu alichungulia sufuria, akatikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya mtu aliyesomea.

"Ongeza kimoja," alisema.

Mdogo wake alishusha pumzi. Uso ukamfunguka, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akacheka kwa aibu. "Kumbe ni hivyo tu! Na mimi nimeteseka nalo peke yangu, mpumbavu mie." Akaifungua pakiti, akatia vijiko vinne, akaongeza cha tano, akakoroga, kisha kwa kuhakikisha akaongeza na kingine.