Miguu Juu Hadi Dagaa Wakauke

Kwa miaka tisa Mzee Gervasi alifanya yoga kila asubuhi kwenye ufukwe wa Ujiji, mikao saba kwa mpangilio uleule. Mkao wa saba ulikuwa kulala chali, miguu juu, visigino vikiegemea ukuta wa banda la mashua. Mwaka huu, magoti yakimkaza, alikirudia kijitabu chake cha mazoezi akakuta ukurasa unaosema kwamba mwili ukizoea mpangilio mmoja hauendelei. Jumanne akaanza na mkao wa saba.

Alipoinua miguu, ziwa lilirudi nyuma hatua arobaini, yaani kiasi kilekile lilichopanda na kumeza ufukwe tangu mvua kubwa za miaka ya karibuni. Mchanga wa kuanikia dagaa ukaonekana tena, na vigingi vya vichanja vya zamani. Mkewe Leonia alitazama, akatua ndoo, akaenda kuwaita wenzake. Kufikia saa tatu ufukwe ulikuwa umejaa dagaa.

Gervasi alitaka kuendelea na mkao wa mti. Aliposhusha mguu mmoja, maji yakasogea.

"Baba Yunisi, usishushe," Leonia alimwambia. "Dagaa bado wabichi."

"Nimebakiza mikao sita."

"Hiyo sita inakausha nini?"

Akakaa hivyo hadi saa tisa alasiri. Agnesi, mmoja wa wanawake hao, mwenye vichanja vitatu, alimwekea kanga iliyokunjwa chini ya kiuno, akamwomba kesho aanze mapema kidogo.

Wiki ya tatu, kiuno kikiwa kama ubao, Gervasi alimwita Bariki, katibu wa kamati ya ufukwe. Maji yalipopanda, kamati ilikuwa imewaahidi wanawake uwanja mpya wa kuanikia kule mlimani. Sasa uwanja huo ulikuwa umezungushiwa uzio, na ndani ilikuwa inajengwa nyumba ya wageni. Gervasi aliuliza, akiwa chali, wanawake watapewa uwanja lini ili naye arudi kwenye mazoezi yake. Bariki alichuchumaa, akamwamkia kwa heshima, akaeleza kwamba lile jalada limefungwa. Uwanja umeshapatikana.

"Umepatikana wapi?"

"Huu hapa, mzee. Wewe endelea tu, ila usibadilishe tena mpangilio."

Kuhusu mapumziko, alimkumbusha kwamba mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa dagaa hawatoki, kwa hiyo siku hizo yuko huru.

Nyumba ya wageni ilifunguliwa Juni. Wageni walilalamika kwamba Jumamosi na Jumapili, wanapokuja kustarehe, ziwa liko mbali. Kamati ilikaa, ikampa Gervasi mapumziko siku hizo mbili.

Jumamosi ya kwanza alisimama mkao wa mti, maji yakimfika magotini, mikono juu, kila kitu sawasawa. Leonia alipita nyuma yake na ndoo ya dagaa walioanza kunuka, akiwapeleka kwa bata. Alisimama kidogo, akamuuliza kama kiuno kimepona.

Gervasi alijibu kimepona, akabadilisha mguu.