Kabla ya Kusema Washa

Mimi shule niliishia la nne, lakini umeme wa majumbani naujua, ndiyo maana chuo kikanichukua kufundisha vitendo. Kitu kimoja tu sikukisema siku ile, wala miaka tisa iliyofuata. Nyekundu na kijani mimi sizitofautishi. Mke wangu alishaacha zamani kunituma nyanya, maana nilikuwa narudi na mbichi tupu, tena natembea kifua mbele.

Sasa utaniuliza, mzee, uliwezaje? Ujanja tu. Wanafunzi niliwaambia fundi mzuri hutaja rangi ya kila waya anapoufunga. Wao wanataja, mimi natikisa kichwa kukubali. Wakadhani ni ukali wa kazi.

Halafu mkuu wa chuo akaja na mtihani wake mpya. Mtu afunge nyaya kwenye boksi la chuma kimya kimya, mwalimu akague kwa macho, akisema "washa," mwanafunzi anawasha mwenyewe. Waya mwekundu ndio wa moto, wa kijani ndio wa ardhi. Ukizigeuza hizo, boksi zima la chuma linakuwa na umeme. Aliyelishika ndio basi tena.

Watatu wa kwanza niliinama, nikatazama kama mtu anayeona, nikasema washa. Taa ikawaka mara tatu. Shati lilikuwa limeninatia mgongoni.

Wa nne alikuwa yule binti tuliyemwita Cherehani, kwa jinsi mdomo wake usivyopumzika. Siku hiyo kimya. Mkono wa kulia kwenye swichi, wa kushoto kauegemeza kwenye boksi. Ananingoja. Nikainama. Nyaya mbili, zote rangi ya udongo. Nikainuka, nikainama tena. Mkuu, pale mlangoni na kalamu yake, akakohoa, akasema mzee, kuna wengine wanasubiri.

Nikaifikiria kazi yangu. Nikamfikiria na mama yake, aliyemleta siku ya kwanza akanikabidhi mkononi. Neno lilishafika kwenye meno.

"Toa mkono," nikamwambia. "Sogea hapo kabisa, mwanangu."

Akasogea, akauliza kakosea wapi.

"Sijui. Sioni nyekundu wala kijani. Sijawahi kuziona."

Mmoja nyuma akacheka, akidhani ni utani wa babu. Cherehani hakucheka. Alilitazama boksi lake kwa muda, kisha akasema polepole kwamba kweli kageuza, mwekundu kaufunga pa ardhi. Nikamwambia kosa si lake peke yake, mimi ningelipitisha. Nilitegemea atanishukuru, si unajua sisi wazee. Akanigeukia macho makavu.

"Na wale watatu, babu?"

"Nilibahatisha."

Wale watatu, waliokuwa wamesimama dirishani, wakaacha kunong'ona. Mmoja wao, baba wa watoto wawili, akaketi sakafuni taratibu, anaiangalia mikono yake. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

Mkuu akaniita ofisini. Cherehani akamwomba kwa heshima asubiri kidogo, maana nyaya za bweni lao nazo zilifungwa na wanafunzi wa babu, na hata anayetaja rangi hukosea, na babu asingeona, na mle ndani wanalala watu. Mkuu akafunga kalamu yake, akatupisha mlangoni.

Tukavuka ua, darasa zima nyuma yetu. Cherehani akazima swichi kubwa ya bweni, akaniwekea bisibisi kiganjani.

"Wewe fungua, babu," akasema. "Kutazama nitatazama mimi."