Kiti Kilichopigwa Siku ya Sabato

Kosa ni langu, nalisema mapema ili nisisumbuliwe. Theuri, mume wangu, aliniambia nivue viti kimoja kimoja. Mimi na haraka zangu, Ijumaa asubuhi nikavivua vyote sita, nikang'oa vikalio, nikatupa plastiki iliyopasuka na sponji iliyooza. Vikabaki mifupa mitupu kuzunguka meza. Sikutaka kaka yangu Ogutu akalie matambara.

Ogutu ndiye aliyenilea baba alipokufa. Ni seremala, tena mzee wa kanisa la Sabato huko kwetu Kendu. Nilipoolewa na Theuri, mwalimu wa hapa Nyeri, mtu wa kanisa la Jumapili, Ogutu hakukanyaga kwangu miaka sita. Barua zake alizimaliza hivi: nisalimie mwalimu. Hakuandika shemeji hata mara moja. Sasa, mwaka huo wa sabini na nne, alikuja makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa letu, na Jumamosi angekula mchana kwangu. Akimkubali mume wangu, nina kaka. Akimkataa, basi, ndiyo mwisho.

Kitambaa cha kijani nilikuwa nacho. Sponji ndiyo ilichelewa. Mwenye duka aliniambia saa sita, ikawa saa nane, ikawa saa kumi na moja na nusu. Nilikuwa nimekata kipande kimoja tu jua lilipozama nyuma ya milima ya Nyandarua, Sabato ikaingia. Nikaweka nyundo chini.

Theuri akaitazama. "Mimi Sabato si yangu," akasema. "Wacha nipige."

"Katika nyumba hii hakuna nyundo italia mpaka kesho jioni."

"Na huyo kaka yako atakalia nini, Benter? Mabenchi ya majirani yote yako makambini."

"Ati unaniuliza mimi? Nimechoka, Theuri."

Kesho yake mhubiri alihubiri masaa mawili na sikushika neno. Nilikunja leso, nikaikunjua, nikaikunja tena, mpaka mama aliyekaa karibu nami akaninyang'anya. Njiani kwenda nyumbani nilitembea mbio hata Ogutu akaniuliza kama kuna mtu anatufukuza. Nilitaka kumwambia habari ya viti nikashindwa.

Tukaingia. Mezani viti vitano vilikuwa wazi kama nilivyoviacha. Cha sita, pale mbele, kilikuwa na kikalio cha kijani, pembe moja imejikunja vibaya. Theuri alisimama nyuma yake, kidole gumba kimevimba. Ningeweza kumpiga.

"Sabato njema," Theuri akasema. "Karibu ukae."

Ogutu hakukaa. Aliinama, akapitisha mkono chini ya ukingo, akagusa misumari kama anayepapasa meno ya ng'ombe. "Hii imepigwa lini?"

Alhamisi. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu, limeshapanda ulimi. Theuri akaniwahi.

"Leo asubuhi, saa tatu. Benter alikataa, akaenda kanisani. Ni mimi. Sikutaka ukalie mbao tupu nyumbani kwangu."

Ogutu akakiinua kile kiti, akakiweka ukutani taratibu. Kisha akachukua sahani yake na kula amesimama. Theuri naye akachukua sahani, akasimama kando yake. Nikasimama pia, ningefanya nini? Kuku nilimpika Ijumaa kwa mapenzi yangu yote, nikamla kama natafuna pamba. Chumvi ikapita mkono kwa mkono.

Nilidhani ataondoka baada ya maombi. Akasema, "Nitangoja jua." Lo, mchana ule. Niliosha sahani mara mbili. Nilitoka nje kutazama jua, nikarudi, nikatoka. Wao wawili walikaa kwenye ngazi za mlango, Theuri akinyonya kidole chake. Moyoni nilisema, anangoja Sabato iishe ili amwambie mume wangu maneno ambayo hayasemwi siku takatifu.

Jua likazama. Tukaimba, Ogutu akaomba, Sabato ikafungwa. Kabla sijafumbua macho sawasawa alisema, "Benter, lete nyundo. Na kile kiti."

Akakipindua akaanza kung'oa misumari ya Theuri, mmoja baada ya mwingine. Theuri alitazama chini. Hapo hasira ikanishinda.

"Kaka, wacha. Alikupigia kwa moyo mzuri. Kama humtaki, sema, lakini usiharibu kazi yake mbele yangu."

Ogutu hakuinua kichwa. "Alianza pembeni. Kitambaa kinaanzwa katikati, ndiyo maana kimejikunja." Akautoa msumari wa mwisho, akaniangalia. "Mimi nimekulea, Benter. Ningekuuliza wewe, ungeniambia Alhamisi."

Nikainama kuokota misumari aliyoing'oa. Masikio yaliniwaka moto.

Akavuta kitambaa, akakinyoosha kwa kiganja, akaweka msumari mmoja katikati. Kisha akasogea kumpa Theuri nafasi na kumkabidhi nyundo.

"Shemeji," akasema, "piga hapa. Na hicho kidole ukiweke mbali."