Sahani Iliyokawia Kurudi

Saadiya alikuwa na ulimi wa kuuzia. Tangu aanze kazi ya kuwatembeza wageni vichochoroni mwa Lamu, wakionja hiki na kile huku wakitembea, hapakuwa na mtu aliyetoka mikononi mwake akinung'unika, na si kwa sababu ya chakula peke yake. Sambusa ni sambusa popote uendapo. Saadiya alijua kutia chumvi. Kila kituo alikitafutia kisa chake, na kisa cha kuwatoa watu machozi alikiweka mwisho, ndani ya kichochoro kimoja cha Langoni, chini ya dirisha la Bi Barka.

Bi Barka alikuwa mjane aliyeoka mikate ya mofa, ile midogo ya mtama inayobandikwa ndani ya tanuri la udongo. Kila siku baada ya alasiri alifungua dirisha lake la mbao upana wa shubiri moja, akatoa sahani. Uso wake wageni hawakuuona kamwe. Alikuwa mtu wa zamani, hajionyeshi ovyo. Walichokijua ni mkono tu, hina mpaka kwenye kifundo chake, na kidole cha mwisho kilichokunjamana kwa moto wa tanuri kikawa hakinyooki tena.

Saadiya alikulia nyumba ya pili kutoka hapo, na Bi Barka kwake alikuwa mama hasa. Jioni moja ya mvua walikaa wawili jikoni wakafunguliana vifua. Bi Barka akamweleza kwamba kila siku anaweka kando mkate mmoja wa mwanawe Gharib, aliyeondoka kwenda kutafuta kazi miaka ishirini na miwili nyuma na hajaleta hata salamu. Ikifika isha huula mwenyewe, kesho akaweka mwingine. Saadiya naye akatoa lake. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kabla ya siku zake, akaishi saa moja. Watu walimwambia asubiri, Mungu atampa mwingine. Yeye alimpa jina moyoni, Ammar, na kila Idi ya Hajj humnunulia kanzu, kubwa kidogo kuliko ya mwaka uliopita, akaificha chini kabisa ya sanduku lake. Zilikuwa zimefika kanzu sita. Mumewe Yunusi hakujua. Hakujua mtu yeyote ila Bi Barka.

Haya, sasa tuseme kweli. Siri ya Saadiya, Bi Barka aliifukia. Siri ya Bi Barka, Saadiya aliipeleka sokoni. Alianza kidogo kidogo, neno moja hapa, jingine pale, akaona wageni wanavyofuta macho, akanogewa. Mwisho wake habari ya mkate wa Gharib ikawa ndiyo inayowaleta watu. Walikuwa wakifika gatini wanamuuliza, yule mama anayemngoja mwanawe, tutamwona? Na mtu mzima na akili zake akajibu, mtamwona.

Ikaja siku mgeni mmoja, mzee wa watu mwenye roho nzuri, akamnong'oneza Saadiya kama anaweza kumsemesha mwenye dirisha. Saadiya kwa kutaka kumfurahisha akamwambia, "Muulize tu, hatachukia." Mzee akainama karibu na ubao, akauliza kwa upole mwingi, "Mama, Gharib ameshafika?"

Mkono ukabaki palepale hewani. Halafu ndani ikasikika sauti, "Bado." Mkono ukarudi ndani, dirisha likafungwa, na halikufunguliwa tena kwa ajili ya mgeni.

Saadiya aliona haya ikamla. Badala ya kwenda mwenyewe akapiga magoti, alijaza halua kwenye sahani yake ya maua ya buluu akampa Bi Fahima, jirani wa nyumba ya mkabala, ampelekee. Pale mtaani sahani ikienda kwa jirani hurudi na kitu, japo sukari kidogo ya kufunika chini. Ndivyo watu wanavyojibizana. Bi Fahima akarudi akasema halua imepokewa na neno halikusemwa. Saadiya akaanza kuingoja sahani yake. Aliingoja wiki, akaingoja mwezi, na kila akijiambia kesho nitakwenda mwenyewe, kesho ikawa na wageni.

Bi Barka akafariki asubuhi ya Jumatatu. Wanawake wa mtaa waliingia mmoja mmoja chumbani alikolazwa, wakamwomba radhi kabla hajatoka nyumbani kwake mara ya mwisho. Saadiya alifika mpaka kwenye kizingiti. Aliuona ule mkono ukitiwa sandani na kafuri ikinyunyizwa, hakuvuka, akarudi nje akasimama ukutani mpaka jeneza likapita. Tangu hapo usingizi wake ukawa wa kudonoadonoa. Kukosana na mtu aliye hai kuna dawa. Aliyezikwa na kinyongo chako utamfuata wapi? Alitaka radhi ya Bi Barka kuliko alivyotaka kitu kingine chochote, na aliyekuwa nayo keshafunikwa udongo.

Arubaini ikasomwa, nyumba ikatiwa kufuli, ufunguo akauchukua mpwa wa marehemu, Mahdi, akarudi nao kwao Faza. Wiki iliyofuata, Idi ya Hajj ikiwa imekaribia, Saadiya akaanza tena kutembeza watu.

Walikuja watano, wafanyakazi wa ofisi moja ya Nairobi, na msemaji wao alikuwa dada mmoja mchangamfu anayeitwa Edah. Walianza kwa sambusa na achari ya embe, wakapita kwenye viazi vya karai, wakanywa juisi ya ukwaju. Edah hakutulia. Rafiki yake alikuja mwaka jana, alisema, akamhadithia habari ya mama wa dirishani hadi naye akalia. Alitaka kumwona. Saadiya akamjibu kwamba kituo hicho hakipo tena. Hakusema kwa nini. Neno la kifo halikumtoka, na ukimuuliza angekwambia hakutaka kuwaharibia wageni siku. Edah akaomba walau walione dirisha lenyewe, wapite tu.

Kupita kuna ubaya gani, Saadiya akajiambia, dirisha limefungwa. Akakata kona kuingia Langoni. Jua la kabla ya magharibi lilikuwa bado juu ya kuta, watu wanarudi dukani, paka watatu wa gatini wanawafuata nyuma kwa ajili ya mabaki ya mishkaki. Na hapo kwenye kona, wallahi sijui nimlaumu yeye au niulaumu ulimi wake, akaanza. Alimtaja Gharib. Akataja mkate unaowekwa kando. Alimsimulia marehemu kama alivyozoea kumsimulia, na pale pa kushusha sauti akashusha sauti, na Edah akafuta macho.

Alipomaliza akageuka, akaona paka hawapo. Walikuwa wamekaa kwenye kona wote watatu, wameangalia kichochoroni, hakuna hata mmoja aliyevuka.

Kisha ikaja harufu ya mtama unaoungua kidogo, harufu ya mofa inayotolewa tanurini. Saadiya alidhani ni jirani, ingawa alijua vizuri kwamba hakuna tanuri jingine mtaa huo. Wageni wakatangulia wakifuata pua. Alipowafikia walikuwa wamesimama chini ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi upana wa shubiri moja.

Mkono ukatoka na sahani.

Hina ilikuwa mbichi, nyekundu. Kidole cha mwisho kilikuwa kimekunjamana. Wageni wakashangilia, wakamwambia Saadiya kumbe alikuwa akiwachezea, alitaka kuwashtukiza. Saadiya alitaka kuwaambia wasiguse, lakini mazoea ni kitu kibaya, mikono yake ilikwishanyooka kupokea, kama ilivyopokea miaka yote. Ngozi ya vidole vile ilipomgusa ilikuwa na baridi ya sakafu ya msikiti alfajiri.

Mikate ilikuwa sita. Wao walikuwa watano, na yeye wa sita. Wakachukua, wakala wamesimama, wakasifu kwamba hawajala kitu kitamu hivyo tangu washuke uwanja wa ndege. Mmoja akauliza ni kiungo gani hiki kinachopoza ulimi. Saadiya akauleta mkate wake karibu na pua. Ilikuwa kafuri. Hakuna mpishi duniani anayetia kafuri kwenye mkate, hiyo ni ya maiti. Saadiya akaanza kusoma Ayatul Kursi moyoni, akaikosea katikati, akaanza upya.

Wageni walikuwa wakienda dirishani kwa zamu kushukuru. Edah alikaa zaidi kuliko wenzake. Aliinamisha kichwa, sikio karibu na ubao, akawa anaitikia taratibu kama mtu anayeelekezwa njia. Saadiya hakusikia lolote. Yeye macho yake yalikuwa kwenye sahani, kwa sababu sasa ndipo alipoiona. Ilikuwa na maua ya buluu, na ukingo umemeguka upande mmoja. Akaigeuza. Chini palikuwa na nukta ya rangi nyekundu ya kucha, alama aliyoitia mwenyewe ili vyombo vyake visichanganyike na vya watu kwenye arusi.

Ilikuwa sahani yake. Imerudi, na imerudi na chakula.

Hofu yote ikamtoka mara moja, ikaingia furaha. Hilo lilikuwa jibu. Sahani ikirudi na kitu, basi yamekwisha, na hakuna mwanamke wa Langoni asiyelijua hilo. Machozi yakamshuka hadharani mbele ya wageni wake. "Bi Barka, nimekosa," akasema kwa sauti ndogo. "Niwie radhi." Dirisha likajivuta taratibu, likafungwa.

Mlango wa mkabala ukafunguliwa. Bi Fahima alitoka na ushungi wake begani, akawatazama wote, akamtazama Saadiya.

"Mbona mwasimama ndiani, mwanangu?" akauliza. "Nyumba hiyo haina mtu."

Saadiya akageuka kutazama. Komeo la dirisha lilikuwa limetiwa kufuli kwa nje, na kufuli limeshika kutu ya chumvi. Kutoka ubao hadi ubao palikuwa na utando wa buibui mzima, usiokatika. Wageni walikuwa wamekwisha kupiga hatua kuelekea gatini, wakitembea polepole, hawakuona. Bi Fahima akaikodolea macho ile sahani. Alisema yeye na wenzake waliitafuta nyumba nzima siku ya kufungasha vyombo, kwa kuwa ni yeye aliyeipeleka na alitaka kuirudisha kwa mwenyewe, wasiione. Akauliza imetoka wapi. Saadiya akasema imerudi tu, Alhamdulillahi, akaondoka mbio kuwafuata watu wake.

Alitembea mwepesi. Mkate wake ulikuwa juu ya sahani, hajauonja, ameikumbatia sahani yote chini ya buibui. Alikuwa akipanga. Kesho atasoma Yasini, atatoa sadaka, hicho kisa cha Gharib hatakifungulia mdomo tena maisha yake yote. Usiku huu atalala.

Wageni walimngojea penye kituo cha kuagana, kando ya ukuta wa bahari. Kwa kawaida hapa huwa na makelele, watu wanapiga picha, wanaulizana wapi pa kula tena. Hawa hata simu hawakuzitoa. Wanne walisimama nyuma kidogo wakimtazama, na macho yao yalikuwa na huruma, huruma ile laini ambayo Saadiya aliijua vizuri kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiitengeneza kila siku. Edah akasogea akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Saadiya, pole sana," akasema. "Kanzu ya Ammar ya mwaka huu, umeshainunua?"

Masikio yakamvuma. Aliiona midomo yao, akauona uso wa Edah ulio karibu na machozi, uso usio na ubaya hata chembe, na akatafuta wa kumkasirikia asimwone.

"Nani amekwambia?"

"Mama wa dirishani. Ametuambia sote, mmoja mmoja." Edah akamminya mkono kidogo. "Akasema nikuulize tu, hutachukia."

Saadiya aliuvuta mkono wake. Aliuvuta taratibu, akaurudisha chini ya buibui mahali palipokuwa na sahani, na alipousikia unavyorudi ndipo alipojua Bi Barka alisikia nini siku ile, nyuma ya ubao, na mkate wa mwanawe umewekwa kando. Watu watano walikuwa wakimngojea ajibu. Kesho watakuwa Nairobi, watawahadithia wenzao.

"Bado," akasema.